Kucheua Neno: Namna ya Kutafakari Kikristo Katika Shughuli za Kila Siku Mombasa

Mkristo wa Mombasa anayetaka kujifunza kutafakari hukutana na kikwazo kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni kuamini kwamba hana mahali pa kukaa kimya. Anaishi chumba kimoja au viwili Mikindani au Bamburi, ukuta wa jirani ndio ukuta wake, redio ya jirani ndiyo redio yake, na nje ya dirisha kuna tuktuk inayowashwa saa kumi na moja alfajiri. Akisikia habari za watawa waliokaa jangwani, huona kwamba jambo hili si la watu kama yeye. Mimi nilikaa na dhana hiyo miaka mingi, nikingojea siku nitakayopata nafasi ya kwenda mafungo. Na mafungo yalipopatikana, siku tatu za ukimya mtupu, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimerudia haraka na hasira zangu za zamani. Kilichonisaidia hatimaye ni neno fupi la Maandiko ninaloamka nalo, ninalotembea nalo, na ninalolirudia kila ninapogundua kwamba nimeliacha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya feri.

Kutafakari ni kufanya nini hasa

Katika Biblia yetu, Yoshua anaamriwa ayatafakari maneno ya torati mchana na usiku (Yoshua 1:8), na Zaburi ya kwanza inamwita heri mtu afanyaye hivyo. Neno la Kiebrania lililotumika mahali pote pawili ni haga, ambalo kwa asili ni kutoa sauti ya chini kinywani. Isaya analitumia neno hilohilo kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake (31:4) na kwa hua aombolezaye (38:14). Watu wa kale walipotafakari, basi, midomo yao ilicheza. Walilisema neno polepole, wakalisema tena, mpaka likazoeleka ulimini na kushuka moyoni lenyewe. Tunaodhani kutafakari ni kukunja uso na kufikiri sana tumeanzia mahali pagumu pasipo sababu.

Walimu wa Kanisa la zamani walilifananisha jambo hili na kucheua, na yeyote aliyekulia mitaa yetu anajua mfano huo kwa macho. Mtazame mbuzi wa Majengo saa sita mchana. Asubuhi nzima amezunguka akiokota maganda ya ndizi na majani ya mchicha kando ya vibanda. Sasa amelala chini ya mwarobaini, macho nusu yamefumba. Tonge linapanda kooni, unaliona likisogea chini ya ngozi. Analitafuna taratibu, taya likienda upande na kurudi, analimeza, anatulia kidogo, kisha jingine linapanda. Hatafuti chakula kipya. Wakristo wengi wa mji huu hatukosi malisho: tuna mahubiri ya redioni, mistari inayotumwa kwenye WhatsApp kila kukicha, semina na mikesha. Tunachokosa ni kulala chini tukacheua tulichokwisha kuokota.

Wapo ndugu wanaoliogopa jambo hili, wakisema kwamba ni la dini za Mashariki na kwamba anayekaa kimya humfungulia adui mlango. Naiheshimu tahadhari yao kwa kuwa inatokana na kumpenda Bwana, lakini ni vyema wajue lilikotoka. Lilikomaa Afrika, katika jangwa la Misri, karne ya 4, miongoni mwa Wakristo waliomfuata Mtakatifu Antoni na wenzake. Yohane Kasiano aliishi na wazee hao, kisha mwanzoni mwa karne ya 5 akaanzisha monasteri huko Marseille, katika Ufaransa ya leo, na akaandika kwamba mstari waliomkabidhi aushike wakati wote, akiwa kazini, safarini na kitandani, ni ule wa Zaburi 70:1: «Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima.» Ulaya ilijifunza desturi hii kutoka bara letu. Tena Mkristo hakai ili akili yake ibaki tupu. Anakaa mbele ya Mtu anayemjua, na neno alilolishika ni neno la Mtu huyo.

Pingamizi la pili hutolewa katika Mathayo 6:7, Bwana alipokataza kupayuka-payuka. Alichokataza pale ni kudhani kwamba tutasikiwa kwa wingi wa maneno. Kurudia neno moja kwa upendo ni jambo jingine kabisa, kwa maana katika bustani ya Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale (Mathayo 26:44).

Kikao cha alfajiri

Chagua mstari usiku uliotangulia. Asubuhi si wakati wa kuchagua, kwa kuwa utafungua huku na huku mpaka dakika zako ziishe. Uandike kwa mkono wako katika kipande cha karatasi, na uwe mfupi kiasi cha kusemeka kwa pumzi moja au mbili. Kwa anayeanza napendekeza «Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu» (Zaburi 46:10) au «Bwana ndiye mchungaji wangu» (Zaburi 23:1). Kaa na mstari mmoja juma zima. Wengi huona siku saba ni nyingi mno kwa maneno machache kiasi hicho. Ninawasihi wavumilie, kwa sababu ladha huanza kutoka siku ya tatu au ya nne, pale mtu anapodhani amekwisha kuumaliza.

Mtaani kwetu adhana ya alfajiri huniamsha kabla ya simu. Jirani zangu Waislamu wanapokwenda msikitini, nami huketi mbele ya Bwana wangu, na saa hiyo, kabla mji haujachangamka, ndiyo Marko anayoitaja anaposema kwamba Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda kuomba mahali pasipokuwa na watu (1:35). Asiyeiweza alfajiri na atafute saa yake, lakini iwe saa ileile kila siku. Dakika kumi zinatosha kwa miezi miwili ya kwanza.

Kuhusu chumba cha ndani alichokitaja Bwana katika Mathayo 6:6, kila mtu ana jinsi yake. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mwenye watoto wanne katika nyumba ya vyumba viwili, huketi juu ya kigoda jikoni na kujifunika leso kichwani hadi usoni. Watoto wake wamejua kwamba leso ikishushwa, mama haitwi mpaka iinuliwe. Wewe keti juu ya kiti au mkeka, mgongo wima bila kukazwa, nyayo zikigusa sakafu, mikono juu ya mapaja. Usiketi kitandani, kwa maana kitanda kitakushinda. Miezi ya kaskazi, joto linapokuwa kali tangu alfajiri, sogea karibu na mlango au dirisha, kwa kuwa mwili uliolowa jasho hauachi kulalamika. Simu iwe chumba kingine, au angalau data izimwe; ndiyo maana nimesema mstari uandikwe kwenye karatasi.

Namna ya kuendesha kikao chenyewe ni ya zamani. Guigo, mtawa wa Wakartusi nchini Ufaransa aliyeishi karne ya 12, aliieleza kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na hatimaye kutulia mbele za Mungu, hali ambayo Wakatoliki huiita taamuli. Desturi yote huitwa Masomo ya Kimungu. Nitaieleza kwa kisa ambacho watu wa pwani wanakielewa kuliko wengine, cha dhoruba katika Marko 4:35–41.

Soma kisa chote kwa sauti ndogo, polepole, kama unayemsomea mzee asiyeona. Soma mara ya pili. Katika usomaji wa tatu, liache neno moja likushike. Usilisake, litajitokeza. Mimi, juma moja, nilishikwa na neno ambalo nilikuwa nimelipita maisha yangu yote: Yesu alikuwa «katika shetri, amelala juu ya mto.» Shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, anapokaa mshika usukani. Nilibaki hapo. Nililirudia: katika shetri, amelala. Niliwaza jinsi chombo kidogo kinavyopigwa na kusi, maji yakiingia, kamba zikilia, watu wakipigiana kelele. Na pale penye usukani, ambapo kila mmoja angetaka kumwona mtu aliye macho, Bwana amelala, kichwa chake juu ya mto. Hicho ni kidato cha pili, na ndicho kinachotaka subira kuliko vyote. Usikimbilie fundisho. Usitafute hoja ya kuwaambia wengine Jumapili. Huo ni ugonjwa wetu sisi tunaohubiri, na umeharibu vikao vyangu vingi.

Kisha neno lenyewe litakufanya useme. Juma lile nilikuwa na mgonjwa nyumbani na deni la hospitali, na nilichosema kilikuwa kilekile cha wanafunzi: Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia? Sema kwa lugha unayoisemea nyumbani, Kigiriama, Kitaita, Kikamba, Kijaluo au nyingine yoyote, wala usiipambe. Ukimaliza kusema, nyamaza. Dakika mbili au tatu za mwisho usiombe kitu, usiwaze kisa. Baki tu karibu, kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake, anavyosema mwimbaji wa Zaburi 131. Siku nyingine hutasikia lolote zaidi ya feni na jogoo. Siku nyingine utajua bila kuambiwa kwamba hukuwa peke yako. Siku zote mbili ni halali. Maliza kwa Baba Yetu, uikunje karatasi, uitie mfukoni.

Kulichukua neno njiani na kazini

Hapa ndipo wengi hupotezea walichokipata. Kikao cha alfajiri kinakwisha saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na robo mtu yumo katika mabishano na kondakta juu ya nauli. Neno linahitaji kukumbushwa, na kwa hilo chagua kengele yako.

Anayepanda matatu upande wa Nyali na Kisauni anapajua Kengeleni. Pale ndipo Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na jina limetokana na kengele iliyotundikwa pale, ambayo husimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya wakazi wanapokuja wafanya biashara ya watumwa. Waliposikia kengele, waliacha kila walichoshika. Nimeona vyema kuwa na kitu cha namna hiyo katika siku yangu, jambo la kawaida linalotokea mara nyingi bila mimi kulipanga, na ambalo kila likitokea hulisema neno langu mara moja. Kwa mtu mmoja ni honi ya feri. Kwa mwingine ni kufungua mfereji, au mteja anapoingia dukani, au umeme unapokatika. Chagua kimoja tu. Ukichagua vitano hutakumbuka hata kimoja.

Kivuko cha Likoni ni mahali pazuri mno pa sala, na nasema hivi nikijua msongamano wake. Unasimama bega kwa bega na watu, huna pa kwenda, huwezi kuiharakisha feri. Wakristo wa Mashariki, yaani Waorthodoksi, wana sala ya karne nyingi inayofaa hapo: unapovuta pumzi unasema moyoni «Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu», na unapoitoa unasema «unihurumie mimi mwenye dhambi.» Pumzi usiilazimishe kuwa ndefu, iache iende kama inavyokwenda. Macho yawe wazi na mkoba mbele, kwa sababu ya usalama na kwa sababu nyingine pia: baada ya dakika chache utaanza kuwaona waliosimama nawe, mama mwenye ndoo ya samaki, kijana wa mkokoteni, mwanafunzi mwenye viatu vilivyopasuka, na neno «unihurumie» litaanza kuwachukua nao. Sijui mahali ambapo nimefundishwa kupenda jirani zaidi ya pale. Dereva na mwendesha bodaboda wasifanye hivi wakiwa barabarani. Wao wangoje wakisimama stejini.

Yuko pia anayetaka neno moja lisilobadilika, na kwake nitamtaja John Main, mtawa Mbenediktini aliyefariki mwaka 1982, aliyewafundisha watu wa kawaida kuketi asubuhi na jioni wakilirudia neno la Kiaramu Maranatha, silabi zake nne zikiwa na urefu sawa: ma-ra-na-tha. Ni neno ambalo Paulo anamalizia nalo barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, na linaomba Bwana aje. Mimi huona mstari wa Biblia unawafaa zaidi wanaoanza, kwa kuwa una kitu cha kutafuna; lakini nimewaona waliofuata njia hii kwa uaminifu na sina neno juu yao.

Kazi za mikono husaidia sana. Ndugu Laurenti, mpishi katika nyumba ya Wakarmeli jijini Paris katika karne ya 17, alishuhudia kwamba katikati ya kelele za jikoni alikuwa na Mungu kwa utulivu uleule aliokuwa nao akipiga magoti mbele ya Sakramenti. Anayepika mahamri ya kuuza anaweza kulijaribu hilo kesho. Unga umekwisha kutiwa tui, sukari na iliki; unapoanza kuukanda, sukuma kwa kiganja na useme nusu ya mstari, uukunje donge na useme nusu iliyobaki. Mwanzoni donge linanata vidoleni na mawazo yanakwenda kwenye bei ya mafuta. Endelea. Kufikia donge linapolainika na kuachia sinia, maneno nayo yatakuwa yameshika mwendo wa mikono, na hutahitaji kuyakumbuka. Vivyo hivyo kwa kufua, kufagia ua, kupiga pasi, kupanga bidhaa bohari. Kazi inayotaka hesabu au mazungumzo haichanganyiki na zoezi hili, na hapo ifanye kazi yako kwa moyo wote. Kengele itakurudisha baadaye.

Mawazo, usingizi na ukavu

Mawazo yatakuja, na idadi yake itakutisha wiki ya kwanza. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani: maji yakiingia nyuma ya chombo au mbele, mwisho wake hushukia ngamani, chini kabisa. Nimeifanya methali hiyo kuwa kanuni yangu ya sala. Wazo likikupeleka tezini, kwenye karo ya shule, au omoni, kwenye neno baya uliloambiwa jana, usiligombeze wala usijigombeze. Shuka tena kwenye neno lako. Ukirudi mara arobaini katika dakika kumi, umemgeukia Mungu mara arobaini.

Usingizi ukizidi, simama ukatafakari wima, au tembea uani hatua chache kwenda na kurudi. Ukiendelea siku nyingi, huenda unalala kuchelewa mno, na dawa yake haimo katika sala.

Ukavu ni mgumu zaidi. Zitakuja wiki, pengine miezi, ambamo mstari ni kama mkate wa juzi. Aliyezoea ibada za nguvu, ngoma na machozi, ataona kwamba Roho amemwacha. Ninamwomba asibadilishe njia kila wiki kwa ajili ya kutafuta hisia. Ajipime kwa jambo jingine: je, namjibu mwenzangu nyumbani kwa upole kuliko mwaka jana? Je, muuza samaki akinikosea chenji, sauti yangu inapanda kama zamani? Eliya alipokuwa mlimani, Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Ilikuja baadaye sauti ndogo, ya utulivu (1 Wafalme 19), na sauti ndogo haisikiki na mwenye haraka.

Tahadhari moja naitoa kwa uzito. Kwa mwenye msiba mbichi, au aliyepitia mambo ya kutisha, au ambaye huzuni imemlemea hata hali wala halali, kukaa kimya peke yake kunaweza kumzidishia maumivu. Huyo na afupishe vikao, atafakari pamoja na mwenzake, azungumze na mchungaji au padri wake, na amwone daktari pia. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Ukipata wawili au watatu wa kukutana nao mara moja kwa wiki, katika jumuiya ndogo ndogo au ushirika wa nyumbani, ni msaada mkubwa. Someni, nyamazeni robo saa pamoja, kila mtu aseme sentensi moja, mwende zenu.

Kabla ya kulala

Usiku, joto linapopungua na watoto wamelala, toka ukakae barazani kwa dakika tano. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku kwa macho ya shukrani kabla ya kuyatazama makosa, na utaratibu huo ni mwema. Anza na kilichokuwa chema, hata kidogo: kivuli ulichopata stejini, mtu aliyekupisha mlangoni. Kisha uliza ni saa ngapi neno lilikuwa nawe, na ni wapi ulilidondosha. Kwa kawaida utapajua mahali penyewe, pamoja na uso wa mtu aliyekuwepo. Omba radhi kwa Mungu. Na kama mtu huyo ni wa humo ndani na hajalala, nenda ukamwombe naye.

Halafu itoe karatasi mfukoni. Itakuwa imelainika kwa jasho, na pengine wino umeanza kufifia penye mkunjo. Kama juma halijaisha, andika mstari uleule upya, kwa mkono wako, herufi moja moja, uuweke juu ya kiti utakachokalia alfajiri.